Anapobisha Mnunuzi wa Vitu vya Zamani

Mnunuzi wa vitu vya zamani kwa kawaida huja mchana, saa ambazo vijana wako shambani wakichuma majani chai au wamekwenda mjini, na nyumbani kuna mzee peke yake. Husalimia vizuri, "Chamgei, Mzee," huuliza habari za ng'ombe, hukubali kikombe cha chai. Kisha macho yake huzunguka ukutani na juu ya kabati. Anauliza kama ile redio bado inaimba. Anauliza bei ya kigoda. Kabla ya chai kupoa, noti tatu za elfu moja ziko mezani na kigoda kiko kwenye buti la gari.

Hakuna kosa katika hayo peke yake. Mzee ana haki ya kuuza mali yake kwa bei anayoridhika nayo, na wapo wanunuzi waaminifu wanaolipa vizuri na ambao milango iko wazi kwao kila wanaporudi. Tatizo ni kwamba katika biashara hii upande mmoja huijua bei na upande wa pili hauijui. Mzee huyo huyo hawezi kudanganywa bei ya ndama, kwa sababu bei ya ndama anaijua, na akiisahau jirani atamkumbusha. Bei ya kigoda alichoachiwa na babake haijui mtu kijijini. Na aghalabu mnunuzi humkuta wakati mgumu: Januari karo inapodaiwa, au kuna mgonjwa hospitalini, na malipo ya bonasi ya majani chai bado yako mbali.

Kwa hiyo ni vyema familia zikajua mapema ni vitu gani hutafutwa, ni vipi haviruhusiwi kuuzwa, na nani hasa ana haki ya kuuza.

SANTURI ZA KERICHO

Watu wengi hudhani kwamba kitu chenye thamani ni lazima kiwe cha kale sana. Mfano wa kuonyesha kwamba sivyo uko papa hapa Kericho. Katika miaka ya 1970 mji huu ulikuwa na kampuni yake ya muziki, Chandarana, iliyorekodi wanamuziki wa Kikalenjin na wa jamii nyingine za magharibi mwa nchi na kuuza santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Ndizo santuri zilizochezwa kwenye arusi, mikahawani na katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Zilipokuja kaseti, nyingi zilitupwa, zikawa vitu vya watoto kuchezea, au zikabaki chini ya kitanda ndani ya katoni.

Leo santuri hizo hutafutwa Ulaya, Marekani na Japani na watu wanaokusanya muziki wa Afrika. Sababu ni rahisi. Zilitolewa chache, zikachezwa sana kwa sindano butu, na ambazo hazijakwaruzika ni chache mno. Mnunuzi anayejua kazi yake huinua santuri hadi kwenye mwanga wa dirisha, akatazama mikwaruzo, kisha akasoma karatasi ya katikati: jina la bendi, jina la kampuni na nambari. Nambari hiyo ndogo ndiyo humwambia kama ameshika santuri ya kawaida au adimu. Santuri moja inaweza isiwe na maana kwake, na inayofuata katika katoni hiyo hiyo ikawa na bei ya mbuzi. Hivyo mtu anayesema "nitachukua katoni yote kwa elfu moja" huenda hanunui santuri hamsini. Huenda ananunua mbili alizokwisha kuziona.

Kuna santuri za kale zaidi, zile nzito, nyeusi, zinazovunjika kama sahani, zilizochezwa kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Hizi zilifika vijijini kabla ya uhuru, na ziliacha alama ya ajabu katika eneo hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwazo zilikuwamo nyimbo za "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilisikika huku kupitia gramafoni. Vijana waliimba juu yake kana kwamba ni kiumbe nusu mtu, nusu paa. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyo Chuo Kikuu cha Rhodes, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zake zikaletwa tena Kapkatet, ambako baadhi ya waliokuwapo siku ile walikuwa bado hai.

Ndiyo maana gramafoni iliyokufa kwenye kona ya nyumba ya mzee haistahili kuuzwa kama chuma chakavu bila kumwuliza kwanza ilifikaje pale, nani aliinunua, na ni nyimbo gani zilizochezwa. Majibu hayo huongeza bei. Hata kama chombo hakitauzwa, ni majibu ambayo familia itayatamani siku mzee atakapokuwa hayupo.

Wanamuziki wazee wanapaswa kuwa waangalifu zaidi ya wengine. Anayenunua santuri amenunua santuri tu, hajanunua wimbo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki za wimbo hubaki kwa mtunzi au kwa yeyote aliyepewa haki hizo kwa maandishi, na haki za mtunzi huendelea kwa warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo. Neno la kuzingatia hapo ni "maandishi". Mnunuzi akileta karatasi ya kutia sahihi pamoja na pesa za santuri, karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo aliyoifuata. Isitiwe sahihi siku hiyo. Isomwe kwanza na mtoto aliyesoma, na ikiwa kuna shaka, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) iulizwe.

SARAFU, MEDALI NA KIPANDE

Sarafu za zamani ndizo huleta tamaa kubwa na faida ndogo. Karibu kila boma lina kikopo chenye senti zenye tundu katikati. Sarafu hizo zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, na zilitengenezwa nyingi sana, kwa hiyo nyingi bei yake ni ndogo hata leo. Zipo tofauti chache zinazofaa kujulikana. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha halisi ndani yake, robo ya uzito wake. Za 1948 na kuendelea hazina. Florini ya mwaka 1920, iliyotumika kwa muda mfupi kabla ya shilingi, ina fedha nusu kwa nusu na hutafutwa zaidi. Senti tano na kumi za 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, ambaye hakumaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti cha enzi. Ni kumbukumbu nzuri, ingawa hazimtajirishi mtu.

Kosa linalowagharimu wengi ni usafi. Mjukuu anasikia mnunuzi atakuja Jumamosi, anachukua majivu na ndimu, anasugua sarafu na medali hadi zing'ae. Wakusanyaji hawataki king'ao hicho. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na hali ni hiyo hiyo kwa kigoda kilichopakwa vanishi au kibuyu kilichooshwa kwa sabuni. Weusi wa moshi na mng'ao wa mikono ya miaka mingi ndivyo vinavyomwonyesha mnunuzi kwamba kitu ni cha kweli.

Medali ni suala zito zaidi. Wanaume wengi wa eneo hili walihudumu katika jeshi la King's African Rifles, maarufu kama KAR, na wengine walifika hadi Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Nyota na medali walizorudi nazo zimo ndani ya masanduku. Medali nyingi za vita hivyo zilizotolewa na Waingereza hazikuandikwa jina la askari, tofauti na zile za Vita Vikuu vya Kwanza ambazo jina na nambari huchongwa ukingoni. Maana yake ni kwamba medali ya 1945 ikishatoka nyumbani, hakuna mtu duniani atakayejua ilikuwa ya nani. Ikiwa bado kuna barua, kitabu cha malipo au picha ya askari huyo akiwa na sare, vifungwe pamoja na medali katika bahasha moja na jina liandikwe juu. Mkusanyaji hulipa zaidi kwa medali yenye karatasi zake, lakini familia nyingi zikishaziona pamoja hubadili nia ya kuuza.

Na kuna kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanaume alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kijikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mfumo huo ulidumu hadi 1947. Wanaume waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920 waliingia shambani wakiwa na kijikasha hicho kifuani. Wazee wengi walikitupa kwa hasira mara walipopata nafasi, na hawawezi kulaumiwa, lakini ndiyo sababu vilivyobaki ni vichache. Cheti kilicho ndani, chenye jina la babu, la mwajiri na tarehe, ni ushahidi ambao huenda haupo mahali pengine popote.

UVUMI WA CHEREHANI

Si kila anayeulizia kitu cha zamani anataka kitu hicho. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina "zebaki nyekundu" ndani yake, kemikali inayodaiwa kuwa na bei kuliko dhahabu. Watu waliuza na kununua cherehani chakavu kwa maelfu ya riali, na wengine wakaziiba kwenye maduka ya mafundi. Hakukuwa na kitu ndani. Zebaki nyekundu yenye uwezo huo haijawahi kupatikana popote, wala katika cherehani wala katika redio na televisheni za zamani.

Hadithi za aina hiyo hubadilika sura tu. Leo ni cherehani, kesho ni sarafu yenye mwaka fulani, keshokutwa ni pasi ya makaa yenye jogoo. Dalili yake ni moja: anayedai kununua kwa mamilioni humwomba mzee atangulize pesa kidogo, za kupima kitu, za usafiri au za kibali. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Anayeombwa atangulize hata shilingi mia tano aite watu wa nyumbani na kumjulisha naibu wa chifu siku hiyo hiyo.

VISIVYORUHUSIWA

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavitambua kama vitu vya kale vile vyote vinavyohamishika, isipokuwa vitabu na hati, vilivyotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Biashara ya vitu hivyo inahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Gramafoni, kipande na santuri havimo, kwa sababu ni vya baadaye. Lakini mkuki, ngao au pambo lililorithiwa vizazi vinne au vitano huenda likawamo. Anayetaka kujua anaweza kuwauliza maafisa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kuuza. Kuuliza hakumpotezei mtu mali yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika ngozi na pembe. Wazee wengi bado wana kofia ya ngozi ya mbega, vazi la ngozi ya mnyama wa porini, manyoya ya mbuni, bangili ya pembe ya ndovu au kipande cha ngozi ya chui. Vilikuwa vitu vya heshima, na mnyama huenda aliuawa kabla mzee huyo hajazaliwa. Hilo halibadilishi sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki au kuuza sehemu ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa lenye faini kubwa au kifungo, na anayeuza na anayenunua wote wawili hushtakiwa. Mzee mwenye kitu cha namna hiyo asikiuze, asimpe mgeni aende "kukipima", na asikichome kwa hofu. Ajieleze kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ikiwa ofisi iko mbali, aanze kwa chifu.

Vyuma vina sheria yake. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, anayenunua chuma chakavu anapaswa kuwa na leseni. Mwenye mkokoteni anayepita akipima kwa kilo pasi za makaa, mizani ya shaba na taa za chemli bila leseni anavunja sheria, na zaidi ya hapo analipa bei ya chuma kwa kitu ambacho si chuma tu.

MALI YA NANI?

Hapa ndipo magomvi mengi huzaliwa, na si kwa sababu ya mgeni. Mjukuu ana deni, anajua gramafoni iko wapi, anamwuzia mnunuzi barabarani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iko wazi: kwa kawaida mtu hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Gramafoni ilikuwa ya mzee na bado ni ya mzee, hata ikiwa imeshauzwa mara tatu hadi Nairobi. Mnunuzi aliyejua au aliyekuwa na sababu ya kushuku kwamba kitu ni cha wizi anaweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Mzee akiwa amefariki, mambo hubadilika tena. Kuna wanunuzi wanaojua kufika wiki chache baada ya mazishi, wakati familia ina madeni ya matanga. Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kuuza au kutwaa mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Wengi hudhani sheria hiyo inahusu shamba na akaunti ya benki pekee. Inahusu pia sanduku lililo chini ya kitanda.

Halafu kuna vitu ambavyo mzee anavishika lakini si vyake peke yake. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, na fimbo zake za uongozi zikachukuliwa Uingereza. Zilirudi Kenya mwaka 2006, zaidi ya karne moja baadaye, kutoka kwa mtoto wa afisa huyo. Hakuna aliyeziita mali ya mtu mmoja. Zilipokewa na jamii nzima. Baadhi ya familia za ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliwahamishia Gwassi kwa nguvu kuanzia mwaka 1934, ziko Kericho hadi leo, na huenda nyumba moja au mbili zimehifadhi vitu vya namna hiyo. Kitu cha ukoo hakiuzwi na aliyekabidhiwa kukitunza. Swali la kujiuliza ni rahisi: je, mzee akikiuza, kuna watu ambao atashindwa kuwatazama usoni? Kama wapo, wao ndio wa kuulizwa kwanza.

Hata sotet ya kogo iliyoko jikoni inaweza kuwa na mjadala wake. Kibuyu cha mursik kilichofunikwa ngozi na kupambwa kwa ushanga na simbi hupendwa sana na wanunuzi, hasa kile kilichowahi kupasuka kikashonwa kwa ustadi. Mama aliyekishona anaweza kukiuza. Lakini kama ndicho kilichotumika katika koito za mabinti wote wa nyumba hiyo, mabinti hao watakuwa na neno la kusema, na ni afadhali walisema kabla kuliko baada.

PICHA ILIYORUDISHA VIGANGO

Kisa cha Pwani kinaonyesha jambo moja dogo ambalo kila familia inaweza kulifanya. Miongoni mwa Wamijikenda, mzee wa chama cha Gohu akifariki huchongewa kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka, isiyofaa kuondolewa mahali pake. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita, kisha Udvardy akaviona: kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Havikuweza kukanwa, kwa sababu picha ilikuwapo. Illinois ilirudisha kimoja mwaka 2006 na Hampton kingine mwaka 2007, ingawa Mzee Mwakiru mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Mwaka 1985 picha ilihitaji mtafiti mwenye kamera. Leo inahitaji mjukuu mwenye simu na nusu saa siku ya Jumapili. Kila kitu cha zamani kipigwe picha mbele, nyuma na chini, pamoja na alama, ufa au maandishi yoyote, na picha moja ipigwe mzee akiwa amekishika. Kisha arekodiwe kwa sauti, kwa Kipsigis na wala si lazima kwa Kiswahili, akieleza kilitoka wapi na kilitumikaje. Picha hizo zitumwe kwa ndugu wawili au watatu ili simu moja ikipotea zisipotee zote.

AKIAMUA KUUZA

Baada ya yote hayo, mzee anaweza kuamua kuuza, na ni haki yake. Neno linalomfaa kuliko yote ni "kesho". Mnunuzi wa kweli atarudi kesho. Anayesema bei ni ya leo tu, au anayekasirika mzee akitaka kumpigia mwanawe simu, amekwisha kujieleza. Usiku huo mtoto aliye Nairobi au Eldoret atafute kwenye intaneti bei ambayo vitu kama hivyo vimeuzwa, wala si bei ambazo wauzaji wanaomba. Mtu anaweza kuomba dola elfu moja kwa senti yenye tundu na asiipate hata siku moja.

Mauziano yafanyike mbele ya mtu mzima mwingine wa familia. Yaandikwe kwenye karatasi mbili: jina la mnunuzi, nambari yake ya kitambulisho na ya simu, nambari ya gari, maelezo ya kitu, bei na tarehe, na wote watie sahihi. Malipo kwa M-Pesa ni bora kuliko noti, kwa kuwa huacha jina na saa. Kitu kisitoke mlangoni kwa ahadi kwamba pesa zitatumwa mnunuzi akifika mjini. Na akipenda kununua kigoda, auziwe kigoda. Asiruhusiwe kuingia chumba cha ndani "kuangalia kama kuna kingine".

Vijana wa Kericho na Bomet wanaoanza biashara hii, na wapo wanaoipenda kwa dhati, wanajenga au kubomoa jina lao katika nyumba ya kwanza. Wawe na kibali cha biashara cha kaunti na wakionyeshe bila kuombwa. Wasinunue kwa mzee anayesahau siku au anayerudia swali lile lile mara tatu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mauziano ya namna hiyo yakifika mbele ya hakimu huenda yasisimame. Wakigundua baada ya kununua kwamba kitu kina thamani mara ishirini ya walicholipa, hakuna sheria inayowalazimisha kurudi. Anayerudi na nyongeza, hata hivyo, ndiye atakayeitwa kwenye nyumba nyingine sita.

Familia isiyotaka kuuza wala kuendelea kuhifadhi ina njia nyingine. Kitu kinaweza kutolewa au kuazimwa kwa makumbusho kwa maandishi, jina la mwenyewe likibaki juu yake. Katiba imeweka majumba ya makumbusho ya kaunti na shughuli za kitamaduni chini ya serikali za kaunti, na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na semi za kitamaduni inazitaka kaunti kuweka daftari la maarifa ya jamii zake. Daftari hilo halichukui kitu cha mtu. Linaandika maarifa: jinsi kibuyu kinavyotayarishwa kwa mkaa wa senetwet, jinsi nyuzi za chepkong'o zinavyofungwa, nani bado anajua. Wazee wanaotaka maarifa yao yaandikwe wanaweza kufika katika ofisi ya utamaduni ya kaunti, au kumwomba msimamizi wa wadi ampeleke afisa nyumbani ikiwa miguu haina nguvu.

Wakienda, wabebe na picha.